Mbio za Magari Mitaani: Gharama Huandikwa Wapi?

Tarehe 13 Desemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilitoa tuzo zake za mwaka mjini Kigali. Hafla hiyo haikuwahi kufanyika katika nchi ya Afrika kabla ya hapo. Siku hiyo hiyo Rais Paul Kagame alitangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya magari ya Formula 1, ambayo mara ya mwisho kufika barani kwetu ilikuwa mwaka 1993, katika kiwanja cha Kyalami, Afrika Kusini. Mashindano yanayojiita ya dunia, kisha yakaikwepa Afrika kwa miaka zaidi ya thelathini, yana deni la kulipa. Kwa hiyo ombi la jirani zetu ni la haki, wala hatuna sababu ya kulibeza.

Swali letu ni jingine. Miji mingi duniani imekubali magari hayo yakimbie katika barabara za mitaani, zile zile wanazopita wafanyakazi, wagonjwa na watoto wa shule. Je, mkazi wa mji hupata kitu kinacholingana na usumbufu anaoubeba? Rwanda yenyewe, katika mipango iliyotangazwa, imekusudia kujenga njia maalumu ya mbio huko Bugesera, kusini mwa Kigali, karibu na uwanja mpya wa ndege. Tunaona kwamba kuyaweka magari hayo nje ya mitaa ni uamuzi wa busara, na tunapenda kueleza kwa nini.

Wakazi wa Kigali hawahitaji kuambiwa maana ya kufungiwa barabara. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, mji wao ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Shule za mjini zilifungwa kwa muda wa wiki hiyo, watumishi wa serikali wakaelekezwa kufanya kazi nyumbani isipokuwa wale wa huduma za lazima, na barabara kadhaa zikawa hazipitiki mchana. Siku ya mwisho wanaume walishindana kwa kilomita 267.5, wakipanda vilima vilivyotandazwa mawe, kikiwamo kile cha Kwa Mutwe, hadi Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi.

Tunasema wazi kwamba hata usumbufu huo haukuwalemea watu wote kwa uzito mmoja. Mtumishi wa ofisini anayeambiwa afanye kazi nyumbani, mshahara wake haupungui. Mwendesha pikipiki ya abiria, au mama auzaye ndizi na nyanya kando ya barabara, hana kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani. Siku yake ikifungwa, imefungwa na chakula chake. Lakini baiskeli zina adabu moja kubwa. Mwenye nyumba kando ya njia hutazama bila kununua tiketi, watoto hupanga mstari ukingoni, na jioni vizuizi vikiondolewa barabara hurudi kwa wenyewe ikiwa kama ilivyokuwa asubuhi.

Gari la Formula 1 halina adabu hiyo, na si kwa ubaya wa mtu bali kwa maumbile yake. Gari hilo hupita mwendo wa kilomita 300 kwa saa, na tumbo lake huwa sentimita chache tu juu ya lami. Limeundwa ili hewa ipitayo chini yake ilivute kuelekea ardhini. Mvuto huo huo waweza kung'oa kifuniko cha shimo la maji kilicholegea. Kwa hiyo barabara ya kawaida haifai mpaka iwekwe lami upya, vifuniko vyote vifungwe imara, kuta za zege na nyavu za waya zisimamishwe pande zote mbili, na majukwaa ya watazamaji yajengwe. Kazi hiyo si ya usiku mmoja. Huko Monaco, ambako mbio zimekuwapo tangu mwaka 1929, kuijenga njia huchukua wiki sita, na kuibomoa wiki tatu. Mbio zenyewe, pamoja na majaribio, ni za siku chache.

Monaco, hata hivyo, si mfano wa kufaa kwa miji mingine. Nchi yote ina ukubwa wa kilomita za mraba mbili hivi, na wakazi wake ni miongoni mwa matajiri wa dunia. Asiyependa kelele hukodisha baraza yake kwa bei kubwa akaenda kupumzika kwingine. Mkazi wa chumba cha kupanga hana baraza ya kukodisha.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya mji wa kawaida ni Las Vegas, nchini Marekani, mwaka 2023. Njia ya mbio ilikuwa na urefu wa kilomita 6.2, ikipita katika barabara kuu ya mahoteli na kumbi za kamari. Kwa miezi kadhaa kabla ya mbio, barabara zilichimbwa na kuwekwa lami upya, na miti ikakatwa ili majukwaa yapate nafasi. Daraja la muda lilijengwa juu ya njia panda, na wenye maduka na migahawa waliokuwa karibu nalo walilalamika hadharani kwamba wateja wamepotea, baadhi yao wakidai fidia. Ilipofika Alhamisi ya tarehe 16 Novemba, majaribio ya kwanza yalisimamishwa kabla ya dakika kumi kutimia. Kifuniko cha valvu ya maji kilikuwa kimelegea, na gari la Ferrari la Carlos Sainz lilikigonga likaharibika vibaya. Majaribio ya pili yalianza saa nane na nusu usiku, wakati watazamaji walikuwa wamekwisha kutolewa majukwaani. Watu waliolipa hawakuona, na wakazi wasiolipa hawakulala.

Watetezi wa mbio hizo hujibu kwa neno moja: wageni. Hoteli zitajaa, fedha za kigeni zitaingia, jina la mji litasikika. Yapo ya kweli katika hoja hiyo, bali hesabu yake hufanywa kwa jicho moja. Huhesabiwa kila mgeni aliyefika, na hahesabiwi yule aliyeahirisha safari kwa kukimbia bei na msongamano. Huhesabiwa fedha iliyotumika uwanjani, wala haiulizwi kama mwenyeji aliyenunua tiketi angeitumia fedha hiyo hiyo sokoni au kwa fundi wa mtaani.

Singapore imejaribu kufanya hesabu kwa macho mawili. Tangu ilipoanza mbio za usiku mwaka 2008, serikali imekuwa ikibeba asilimia 60 ya gharama, na mwanzoni hoteli zilizo kando ya njia zilitakiwa kutoa asilimia 30 ya mapato ya vyumba kwa siku za mashindano, na nyingine asilimia 20. Maana yake ni kwamba anayevuna ndiye anayechangia mbegu. Kinyume chake ni Valencia, nchini Hispania. Huko wananchi waliahidiwa na viongozi wa jimbo kwamba hawatatoa hata senti moja. Mbio zilifanyika bandarini kuanzia mwaka 2008 hadi 2012, hazina ya umma ikabaki na mzigo mkubwa wa kulipa, na njia ikaachwa iharibike. Baltimore, Marekani, ilipanga mbio za mitaani kwa miaka mitano kuanzia 2011. Mwaka wa kwanza haukuisha kabla mji haujavunja mkataba na waandaaji kwa sababu ya madeni, na baada ya mbio za 2013 shughuli ikafa.

Sisi wa Afrika Mashariki tulianza kuyajua mambo haya zamani. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za kila siku. Wazee wetu wanawakumbuka madereva waliofunikwa na vumbi, na hapa petu hatumsahau Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa gari la Peugeot 404. Yalikuwa mashindano ya wananchi kwa maana ya kwamba yaliwafuata mlangoni, bila kiingilio. Lakini yaliwafuata na hatari pia. Barabara hazikufungwa, na katika miaka ya baadaye helikopta zilitangulia magari ili kutazama kama kuna ng'ombe, basi au mtu njiani. Mbio za namna hiyo nchini Italia, Mille Miglia, zilikoma baada ya ajali ya mwaka 1957 iliyoua watazamaji tisa, watano wao watoto. Safari yenyewe iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudi mwaka 2021, Kenya iliipeleka Naivasha, katika njia zinazofungwa ndani ya mashamba na hifadhi, na jiji la Nairobi likabakiwa na sherehe ya kuanza na mzunguko mfupi huko Kasarani. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa pungufu dogo kwa faida kubwa.

Isidhaniwe kwamba njia maalumu nje ya mji ni dawa isiyo na uchungu. Korea Kusini ilijenga kiwanja cha Formula 1 huko Yeongam, ikaandaa mbio nne tu, kuanzia 2010 hadi 2013, ingawa mkataba ulikuwa wa miaka saba. India nayo ilipata mbio tatu katika kiwanja chake kipya. Rwanda itakabiliwa na maswali ya ardhi, ya ada za waandaaji, na ya matumizi ya kiwanja katika siku nyingine zote za mwaka. Tofauti ni kwamba gharama za kiwanja huonekana katika bajeti, na mbunge aweza kusimama akaziuliza. Gharama za mtaa uliofungwa hutawanyika katika mifuko ya maelfu ya watu: nauli ya kuzunguka, siku ya biashara iliyopotea, mgonjwa aliyechelewa kliniki. Hakuna kitabu cha serikali zinamoandikwa.

Afrika Kusini nayo inataka kurudishiwa mbio hizo, na pamoja na Kyalami, wapo wanaopendekeza mitaa ya Cape Town, eneo la Green Point, ambako magari ya umeme ya Formula E yalikimbia mara moja, Februari 2023, na mbio za mwaka uliofuata zikafutwa. Ikiwa pendekezo hilo litaendelea, wakazi wa Green Point wana haki ya kuonyeshwa kwa maandishi, kabla ukuta wa kwanza haujasimamishwa, ni barabara zipi zitafungwa, kwa siku ngapi, na mwenye duka atalipwa na nani.