Tela za mifugo kwenda Bujumbura: faida na kasoro zake

Wafanyabiashara wanaopeleka ng'ombe Bujumbura kutoka Tanzania kupitia Kabanga na Kobero wanapaswa kuchagua tela kwa kuangalia njia, si bei pekee. Barabara hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kasi hadi Bujumbura, karibu mita 800.

Tela isiyo na vizuizi vya ndani hubeba ng'ombe wengi zaidi. Hata hivyo, dereva akishika breki mteremkoni wote husukumana mbele, na anayeanguka hukanyagwa. Vizuizi hupunguza nafasi lakini huugawa mzigo.

Sakafu ya chuma hudumu na huosheka kirahisi, ila ikilowa huteleza. Ipigiliwe nondo na kumwagiwa maranda. Ya mbao hushika kwato vizuri, lakini hulowana mkojo na kuoza.

Pande zilizo wazi huleta hewa kwenye joto la Bujumbura, lakini milimani huingiza mvua na baridi. Turubai la kukunja husaidia.

Aidha, mlango wa ubavuni kushoto hufaa Tanzania tu. Burundi magari hupita kulia, hivyo mlango huo hufungukia katikati ya barabara. Wa nyuma hufaa kotekote.

Ng'ombe mmoja akifa njiani, faida ya kujaza tela inaweza kupotea yote.