Shule za Bweni za Marekani (2): Uzito wa Neno la Kocha

Wiki iliyopita tulieleza shule zenyewe: Phillips Academy ya Andover, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1778, Phillips Exeter ya New Hampshire ya mwaka 1781, Deerfield ya mwaka 1797, na wenzao wengi wa majimbo ya New England ambao ada na malazi kwao hupita dola 60,000 kwa mwaka. Leo tunazungumzia jambo linalowafikia wazazi wa kwetu kabla hata hawajalijua jina la shule, nalo ni ujumbe wa kocha. Kijana ameng'ara UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, video yake imesambaa, na mtu anayejitambulisha kuwa kocha huko Marekani anaandika kwamba anamtaka. Nyumbani wanaanza kuaga majirani. Ni mapema mno. Kocha hana mamlaka ya kumsajili mwanafunzi, na hana fungu la fedha. Alicho nacho ni neno, na inafaa kulipima neno hilo lina uzito gani na linafika wapi.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Katika shule hizi ni desturi ya miaka mingi kwamba mtu mmoja hufundisha, tuseme, hisabati asubuhi, husimamia timu alasiri, na usiku hulala bwenini akiwa mlezi wa wanafunzi. Baadhi ya maofisa wa udahili nao wana timu zao. Kwa hiyo kocha anapoingia ofisi ya udahili kumsemea kijana, haingii kama mgeni. Anaongea na watu anaokula nao meza moja, na wote wanajua kwamba kijana huyo akishindwa masomo, kocha atakutana naye darasani na bwenini kila siku. Ndiyo maana makocha hawana uzito sawa. Aliyeleta vijana watatu wakamaliza vizuri husikilizwa kwa makini. Aliyemsifia mmoja akafeli mwaka wa kwanza, mwaka unaofuata ataombwa ushahidi zaidi.

Kazi yenyewe huanza mapema, wakati mwingine zaidi ya mwaka mmoja kabla. Kocha huangalia mechi na video, huandikiana na wazazi na makocha wa klabu, kisha hupeleka ripoti za masomo za kijana kwa ofisi ya udahili ili zitazamwe kwanza. Hapo wengi hukomea. Ofisi ikisema kijana hataweza masomo ya shule hiyo, kocha mwenye busara huacha, kwa sababu akilazimisha anapoteza sauti aliyoihitaji kwa ajili ya wengine. Waliobaki huingia katika orodha yake, nayo hupangwa kwa mahitaji ya timu: golikipa wa hoki ya barafuni anamaliza shule Juni, mpiga kasia wa mbele anaondoka, timu ya kikapu haina mtu mrefu. Kijana hodari anaweza kuachwa kwa sababu tu nafasi yake uwanjani ina watu wawili tayari, na wa wastani akachukuliwa kwa sababu nafasi yake iko wazi. Maombi kwa kawaida hufungwa katikati ya Januari, majibu hutoka tarehe 10 Machi, na familia hutakiwa kuthibitisha ifikapo tarehe 10 Aprili.

Sasa tufike kwenye fedha, maana humo ndimo nguvu halisi ya kocha ilimo, na ndimo watu wengi wanapopotoshwa. Baraza la michezo la shule za New England, NEPSAC, linakataza kumpa mwanafunzi msaada wa ada kwa sababu ya kipaji cha michezo. Msaada hutolewa kwa kupima uwezo wa familia, na mpimaji ni ofisi nyingine kabisa. Ukiisoma kanuni hiyo peke yake utadhani kocha amewekwa nje ya mlango. Lakini fungu la msaada lina ukomo. Shule chache tajiri, kama Andover tangu mwaka 2007, hudahili bila kutazama uwezo wa familia kulipa. Shule nyingi haziwezi. Mwezi wa Februari zinakuwa na waombaji wengi wenye uhitaji uleule na alama zinazokaribiana, na fedha zinawatosha wachache tu. Ni nani apewe? Hapo ndipo neno la kocha linapotua. Haliongezi hata dola moja katika hesabu ya familia, lakini linaweza kuamua ni hesabu ya familia ipi itakayolipiwa. Kanuni haijavunjwa, na bado kipaji cha mpira kimekuwa njia ya kupata ada.

Mimi sioni aibu katika hilo, mradi lisemwe wazi. Mfano ni Luol Deng. Alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya sasa, mwaka 1985, familia yake ikakimbilia Misri, kisha London, na akiwa na miaka 14 akaenda Blair Academy, shule ya bweni ya New Jersey, kucheza kikapu. Kutoka hapo alifika chuo kikuu cha Duke, na mwaka 2004 alichaguliwa wa saba kuingia NBA. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam naye alipitia shule ya binafsi huko Houston, ingawa si ya bweni, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili.

Kinachoniuma ni upande wa pili. Kikapu ni mchezo mmoja tu. Shule hizi zina timu za kupiga makasia, skwoshi, lakrosi, hoki ya barafuni na mashua za tanga, na kila timu ina kocha mwenye orodha yake. Mtoto hajifunzi michezo hiyo mtaani. Anajifunza kwenye klabu za kulipia na kambi za majira ya joto, kwa vifaa vya bei kubwa. Kwa hiyo, orodha nyingi za makocha zimejaa watoto waliokwisha kuwa na nafasi nzuri maishani. Mlango unaotangazwa kuwa wa vipaji huwapitisha wenye nacho kwanza, na mtoto wa maskini hupenya kwa michezo miwili au mitatu tu.

Shule nazo zina sababu zao za kuwasikiliza makocha. Wazazi wanaolipa huuliza wahitimu wameingia vyuo gani, na vyuo vikuu vinane vya Ivy League, ingawa havitoi ufadhili wa michezo, huwapokea wanamichezo kwa wepesi wa kushangaza. Katika kesi kuhusu udahili wa Harvard, kimoja cha vyuo hivyo, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, takwimu zilionyesha kwamba waombaji walioteuliwa na makocha walikubaliwa kwa takriban asilimia 86, huku wengine wakikubaliwa kwa chini ya asilimia 10. Shule ya bweni inayomlea mpiga makasia hodari inajua atakakofikia. Nguvu ya namna hiyo ikikosa ukaguzi huoza. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua makocha wa vyuo, wakiwemo wa Yale na Georgetown, waliopokea rushwa ili kuwaorodhesha kama wachezaji watoto wasiocheza kabisa. Wakala aliyepanga njama hiyo, Rick Singer, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu Januari 2023. Hivyo vilikuwa vyuo, lakini mianya ya neno lisilohakikiwa ni ileile kwa shule.

Mzazi ajue pia kwamba kocha anaweza kupendekeza kijana arudie darasa, au akiwa amemaliza kidato cha mwisho aongeze mwaka mmoja kabla ya chuo. Hilo ni jambo la kawaida huko na halina hila. Humpa kijana mwaka wa Kiingereza na wa kukomaa mwili. Lakini aulizwe kijana mwenyewe, na iulizwe mwaka huo wa ziada unalipiwa na nani.

Kwa mtoto anayetoka kwetu kuna sheria moja inayowavutia mawakala. Mgeni mwenye visa ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kusoma sekondari ya serikali ya Marekani kwa zaidi ya miezi 12, na lazima alipe gharama yote. Shule ya binafsi haina ukomo huo, mradi imeidhinishwa na serikali kutoa fomu ya I-20 inayohitajika kuombea visa hiyo. Ndiyo maana wanamichezo wa kigeni hupelekwa huko, na ndiyo maana kuna shule za jina tu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi mjini Charlotte, North Carolina, alikiri mahakamani kwamba aliwafanyia makaratasi wanafunzi wa kigeni, wengi wao wanamichezo, ambao hawakuwa wakisoma kwake. 

Kwa hiyo mshukuru kocha, kisha mwandikie mkuu wa udahili wa shule hiyo moja kwa moja, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe. Omba barua mbili: ya nafasi, na ya msaada wa ada inayotaja kiasi na masharti ya kuuendeleza mwaka hadi mwaka. Uliza waziwazi mtoto akivunjika mguu itakuwaje. Msaada unaotokana na uhitaji wa familia haupaswi kukatwa kwa sababu mtoto hachezi tena, na hapo kanuni ya NEPSAC inamlinda kuliko ahadi ya kocha yeyote. Wiki ijayo tutaipitia fomu ya kupima uwezo wa familia, swali kwa swali, pamoja na namna mkulima au mfanyabiashara asiye na hati ya mshahara anavyoweza kuijaza.