Kuku wa haraka Ingleburn: kazi ya kuachia duka na kazi ya kubaki jikoni

Kuku mzima aliyekwisha kuokwa, anayeuzwa akiwa moto kwenye supamaketi na maduka ya kuku ya Australia, ni mlo wa jioni ambao kazi yake ngumu imeshafanywa. Amesafishwa, ameungwa na ameiva. Mpishi hubaki na mchuzi, mboga na wanga, kazi ya nusu saa hivi. Hubaki pia na majukumu mawili ambayo duka haliwezi kumtimizia: kujua kiasi cha chumvi kilichoingia katika chakula hicho, na kulinda joto lake tangu kaunta ya duka hadi kwenye sahani.

Ingleburn ni kitongoji cha kusini-magharibi mwa Sydney, katika manispaa ya Campbelltown, zaidi ya kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Anayefanya kazi mjini hurudi jioni kwa safari ndefu ya treni, na watoto huwa wanasubiri chakula. Maduka ya Oxford Road na mitaa ya jirani yanahudumia wakazi wengi wenye asili ya India, Bangladesh na Nepal, jambo ambalo ni neema kwa familia iliyotoka Mombasa, Unguja au Bukavu. Tui la kopo, bizari, iliki, parata za kugandishwa na tangawizi iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu hupatikana bila kutafuta sana. Vitu hivyo, pamoja na kuku wa dukani, vinatosha kuweka chakula cha pwani mezani siku ya kazi.

Kuku mwenyewe ni wa kisasa, wa nyama, na karibu nyama yote ya kuku inayoliwa Australia huzalishwa ndani ya nchi hiyo. Eneo hili lina historia yake katika biashara hiyo: kampuni ya Inghams ilianzia mwaka 1918 huko Casula, kaskazini kidogo ya Ingleburn. Kuku hawa huchinjwa wakiwa na umri wa wiki tano hadi nane hivi, na kwa sababu hiyo nyama yao ni laini na huiva upesi. Kuku wa kienyeji aliyezoeleka Afrika Mashariki ametembea miezi mingi. Misuli yake imejaa kolajeni, protini ngumu inayohitaji kuchemshwa muda mrefu hadi ilainike. Wazazi wengi husema kuku wa kisasa hukua haraka kwa sababu ya kudungwa homoni. Kwa Australia si kweli, kwani homoni hazijatumika kwa kuku wa nyama tangu miaka ya 1960. Kasi ya ukuaji inatokana na uteuzi wa mbegu kwa vizazi vingi, lishe iliyopimwa na mabanda yenye joto linalodhibitiwa.

Jambo la kupimwa kwa makini ni chumvi. Kuku wa kuokwa wa dukani mara nyingi huingizwa maji ya chumvi kabla ya kuokwa ili kidari kisikauke, na ndani hujazwa mkate ulioungwa. Kwa hiyo nyama huwa na chumvi hadi ndani, na kuondoa ngozi hupunguza mafuta zaidi kuliko kunavyopunguza chumvi. Mpishi akiongeza mchemraba wa supu, mchuzi wa chupa na kijiko cha chumvi kama alivyozoea kwa kuku mbichi, chakula hicho hupita kipimo bila ulimi kulalamika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na mtoto ale pungufu ya hapo. Mchemraba mmoja wa gramu 10 kwa kawaida ni chumvi kwa karibu nusu ya uzito wake. Ukigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja amekwisha kula robo ya kipimo chake cha siku kabla kuku hajahesabiwa. Shinikizo la damu huanza kimya kimya na hudumu miaka, na ladha ya chumvi nyingi hujengwa utotoni. Kuacha mchemraba huo ni hatua ndogo yenye faida kubwa kuliko mabadiliko mengine yote katika chakula hiki.

Lebo za Australia haziandiki chumvi bali sodiamu, kwa miligramu. Sodiamu ikizidishwa kwa 2.5 hutoa chumvi: miligramu 400 za sodiamu ni gramu moja ya chumvi. Safu ya kusoma ni ile ya gramu 100, kwa sababu kipimo cha mlo mmoja hupangwa na mtengenezaji na hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa. Mwongozo wa lishe wa Australia unapendekeza bidhaa zenye sodiamu chini ya miligramu 400 kwa kila gramu 100, na zilizo chini ya 120 ndizo bora zaidi. Nyota za afya zilizo mbele ya pakiti, mfumo wa hiari ulioanza mwaka 2014, hulinganisha bidhaa za aina moja tu. Husaidia kuchagua kopo moja la nyanya badala ya lingine, lakini hazisemi kwamba biskuti yenye nyota nne ni sawa na maharage yenye nyota nne.

Kwa familia za Kiislamu, kuku mbichi mwenye alama ya halali hupatikana kwa urahisi katika eneo hili, lakini kuku wa kuokwa wa kaunta ya moto huhitaji kuulizwa, pamoja na kilichojazwa ndani yake. Mwenye mzio wa ngano, yai au soya naye ana haki ya kupewa maelezo na muuzaji, hata kama chakula hakikufungwa kwenye pakiti yenye lebo.

Mlo unaofaa zaidi kwa kuku huyu ni kuku paka, chakula cha Wahindi wa pwani ya Afrika Mashariki. Desturi yake ni kuchoma kuku kwanza kisha kumtia katika mchuzi mzito wa tui, hivyo aliyeokwa dukani anaingia mahali pake bila kulazimishwa. Kitunguu hukaangwa kwa mafuta kidogo hadi kigeuke rangi, hufuatwa na tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa, manjano, bizari ya pilau na pilipili ya kijani. Nyanya za kopo huingia na kupikwa hadi mafuta yajitenge. Hatua hiyo haipaswi kuharakishwa: joto na mafuta hulegeza likopini, rangi nyekundu ya nyanya, na mwili huifyonza vizuri kuliko ile ya nyanya mbichi. Kisha tui, kisha njegere au maharage mabichi ya kugandishwa. Vipande vya kuku, bila ngozi, hutiwa mwisho, na mchuzi huachwa utokote hadi nyama ipate moto hadi katikati. Kuku akitiwa mapema, kidari hukakamaa na kutoa maji yake, hubaki nyuzi kavu. Limau hukamuliwa baada ya moto kuzimwa. Ukali wake huamsha ladha, na chumvi ya ziada haihitajiki tena.

Mboga za kugandishwa hazistahili dharau zinazopewa. Huchovywa kwenye maji ya moto na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na vitamini C yake mara nyingi hulingana na ya mboga mbichi zilizokaa siku kadhaa kwenye friji, au huizidi. Maharage na dengu za kopo zikimwagwa maji yake na kusuuzwa hupoteza sehemu kubwa ya sodiamu. Tui la kopo linahitaji kiasi, kwani mafuta yake mengi ni yale yaliyoshiba. Lile linaloitwa jepesi mara nyingi ni tui lililoongezwa maji, kwa hiyo nusu kopo la tui la kawaida na maji ya bomba hufanya kazi ileile kwa bei nafuu.

Njia nyingine fupi, vipande vya kuku vilivyopakwa unga wa mkate na kugandishwa, ina mtego. Baadhi huwa vimekaangwa juu juu tu ili unga ushike rangi, na nyama ya ndani ni mbichi kabisa. Maikrowevu hupasha moto bila usawa na huacha sehemu za baridi katikati. Pakiti inayosema nyama ni mbichi hupikwa kwenye oveni au kikaangio kwa muda ulioandikwa, na kipimajoto kikichomwa sehemu nene zaidi kinapaswa kusoma nyuzi 75 za Selsiasi.

Kiwango hichohicho cha nyuzi 75 kinahusu kila kuku mbichi, na sababu kubwa ni Kampilobakta, bakteria wanaoongoza nchini Australia kwa kusababisha ugonjwa wa tumbo utokanao na chakula. Wachache tu hutosha kumwangusha mtu kwa homa na kuhara, na mara chache maambukizi hufuatwa na ugonjwa wa Guillain-Barré, unaodhoofisha neva na misuli. Hapa desturi ya Waafrika Mashariki wengi, kuosha kuku kwa limau au siki, inakutana na ushauri wa mamlaka za chakula: kuku asioshwe. Desturi hiyo ilikuwa na maana kwa kuku aliyechinjwa uani, mwenye damu na mabaki ya manyoya. Kuku wa kiwandani ameshasafishwa, na maji ya bomba hayaondoi bakteria walioshikamana na ngozi. Huwarusha kwa matone hadi kwenye sinki, kaunta na kachumbari iliyo karibu. Limau nalo haliwaui vya kutosha. Mpishi anayetaka unyevu utoke amkaushe kuku kwa karatasi ya jikoni, aitupe, anawe mikono kwa sabuni, na limau alitie katika viungo vya kumlaza kuku huyo.

Kuku aliyeiva ana saa zake pia. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana haraka. Kanuni inayofundishwa Australia huhesabu jumla ya muda ambao chakula kimekaa katika kiwango hicho: chini ya saa 2 kinaweza kuliwa au kurudishwa kwenye friji, kati ya saa 2 na 4 kiliwe wakati huohuo, zaidi ya saa 4 kitupwe. Magharibi mwa Sydney kiangazi ni kikali kuliko pwani, kwa sababu upepo wa baharini mara nyingi haufiki. Penrith, katika eneo hilo la magharibi, ilifikia nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Kwa hiyo kuku hununuliwa mwisho, baada ya shughuli nyingine zote, na gari haliegeshwi njiani.

Sufuria kubwa ya mchuzi iliyoachwa jikoni hadi asubuhi ina hatari yake mwenyewe. Mbegu za bakteria aina ya Klostridia hustahimili mchemko, kisha huamka mchuzi unapopoa polepole. Wali unaweza kuwa na bakteria aina ya Basila, ambao sumu yao haivunjwi na kupashwa moto. Vyote viwili hugawanywa kwenye vyombo vipana visivyo na kina, huwekwa kwenye friji isiyozidi nyuzi 5, na huliwa ndani ya siku 2 au 3. Ile harufu ya kiporo cha kuku hutokana na mafuta yake kuoksidika, yakisaidiwa na madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama. Kuku aliyezama katika mchuzi wenye manjano na kitunguu saumu huathirika polepole zaidi kuliko aliyeachwa mkavu, kwa kuwa hewa haimfikii na viungo hivyo huzuia uoksidishaji.

Mama mjamzito ana mipaka mikali zaidi kwa sababu ya Listeria, bakteria anayeweza kukua hata ndani ya friji na kuharibu mimba. Mamlaka ya Chakula ya New South Wales inamshauri asile kuku aliyeiva anayeuzwa akiwa baridi. Kuku wa dukani amle akiwa bado moto, mara tu anaponunuliwa, na mkate wa kujazia kuku auepuke isipokuwa umepikwa peke yake na kuliwa ukiwa moto. Kiporo chake kiwekwe kwenye friji mapema, kiliwe ndani ya siku moja, na kipashwe hadi kitoe mvuke kote. Wazee na wenye kinga dhaifu hufuata tahadhari hizohizo.