Mashine Kuukuu au Mpya: Tupige Hesabu Kabla ya Kulipa

Mtu apitaye Keko jijini Dar es Salaam, au katika mitaa ya maseremala ya Mafinga, Iringa na Njombe, husikia mlio wa randa za umeme tangu asubuhi hadi jua linapokuchwa. Mlio huo ni riziki ya watu wengi. Sisi tulio jirani na msitu wa Sao Hill, msitu wa kupandwa ulio mkubwa kuliko yote nchini, tunajua vema kwamba ubao ulionyooshwa na kurandwa huuzwa kwa bei iliyo bora kuliko gogo. Hapana budi basi kila kikundi cha maseremala kitamani kuwa na mashine. Swali linalotuhusu leo ni hili: je, kinunue mashine mpya, au kinunue iliyokwisha tumika?

Siku chache zilizopita tulizuru karakana ya kikundi kimoja cha vijana. Pembeni, chini ya turubai, tulionyeshwa mashine kubwa ya kuranda. Ilinunuliwa kwa fedha za mkopo, ikasafirishwa kwa lori, ikapokelewa kwa vifijo. Mwaka mzima umepita nayo haijaranda hata ubao mmoja. Mota yake ilitengenezwa kwa umeme wa volti 200, nao umeme wa fezi tatu uliomo karakanani ni wa volti 400. Iliungua siku ya kwanza. Mota ya kawaida ya dukani haiingii mahali pake, kwa kuwa ile iliundwa pamoja na mhimili wa visu; na fundi wa kusuka upya waya zake ametaja gharama ambayo kikundi hakina. Dalali aliyewauzia hapokei simu. Mkopo ungali unalipwa. Mnunuzi pekee aliyejitokeza hadi sasa ni mnunuzi wa chuma chakavu, naye hutoa bei kwa kilo.

Watakaosikia habari hii watakuwa wepesi kuhukumu kwamba mashine kuukuu hazifai. Hukumu hiyo si ya haki. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, nao walijua jinsi mwanadamu anavyovutwa na mng'ao wa rangi mpya. Zipo mashine za mbao zilizotoka viwandani miaka arobaini au hamsini iliyopita ambazo hata leo zinanyoosha ubao sawasawa, na zipo mpya zilizolegea kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Kosa la vijana wale halikuwa kununua mashine kuukuu. Kosa lilikuwa kununua bei badala ya kununua mashine.

Watu wengi hudhani kwamba gharama ya mashine ni ile fedha inayohesabiwa mezani siku ya kuinunua. Sivyo. Gharama yake ni tofauti iliyopo kati ya siku mbili, siku ya kuinunua na siku ya kuiuza, pamoja na yote yaliyotumika katikati. Mashine mpya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mapema mno. Ikishafungwa sakafuni na kuranda mbao chache, tayari imekuwa mtumba, na hakuna atakayeinunua kwa bei ya dukani. Hasara hiyo humwangukia mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa pili huikuta thamani imekwisha kushuka, nayo kutoka hapo huteremka polepole, maadamu mashine inatunzwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika ili jambo hili lieleweke. Kikundi cha kwanza kimenunua mashine mpya kwa shilingi 12,000,000, na baada ya miaka mitano kimeiuza kwa shilingi 4,000,000. Kimepoteza shilingi 8,000,000. Kikundi cha pili kimenunua mashine kuukuu kwa shilingi 5,000,000, kikaitengeneza kwa shilingi 1,000,000, na baada ya miaka mitano kikaiuza kwa shilingi 4,000,000 zile zile. Kimepoteza shilingi 2,000,000 tu. Kwa hesabu hii mshindi ni dhahiri, na wapo watakaofunga daftari hapo.

Lakini hesabu haijakwisha. Tuseme mashine ile kuukuu ililala siku 40 kila mwaka ikingoja kipuri, na kila siku ya kulala kikundi kikakosa pato la shilingi 30,000. Kwa miaka mitano hizo ni siku 200, nazo ni shilingi 6,000,000. Tukizijumlisha na zile 2,000,000 tunapata 8,000,000, sawasawa na hasara ya mwenye mashine mpya, hata tukichukulia kwamba mpya haikulala hata siku moja. Kama siku za kulala zingekuwa 10 kwa mwaka badala ya 40, hasara yote ya mwenye mashine kuukuu ingekuwa shilingi 3,500,000. Kinachoamua faida, basi, si umri wa mashine. Ni siku ambazo mashine inalala.

Kwa sababu hiyo mwenye kununua ajiulize kwanza juu ya vipuri. Ipo mashine ambayo beringi zake zimeandikwa namba za kawaida kama 6205 au 6305, na mikanda yake ni ya saizi zinazouzwa kila mji. Mashine ya namna hiyo ikiharibika asubuhi, huenda jioni ikawa inafanya kazi. Ipo nyingine ambayo kila kipande chake ni cha kwake peke yake, na kiwanda kilichoiunda kimekwisha fungwa. Hii ya pili itauzwa rahisi, na urahisi wake ndio ughali wake. Siku kikundi kitakapotaka kuiuza, mnunuzi mwerevu ataliuliza swali lile lile, naye ataondoka bila kutaja bei.

Jambo la pili ni umeme. Umeme wetu ni wa volti 230 kwa fezi moja, na 400 kwa fezi tatu, nao ni wa hezi 50. Mashine kutoka Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hukubaliana nao. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60. Japani, ambako bidhaa nyingi zilizotumika hutoka kuja bandari ya Dar es Salaam, sehemu ya mashariki hutumia hezi 50 na ya magharibi hezi 60, na mashine za viwandani huko kwa kawaida ni za volti 200. Mota ya hezi 60 ikifungwa kwetu huzunguka kwa mwendo wa sehemu tano za sita tu za mwendo wake, na huweza kupata joto kupita kiasi. Haya yote yameandikwa kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota. Kukisoma kibati hicho ni kazi ya dakika moja. Kutokisoma kumewagharimu vijana wetu mwaka mzima.

Jambo la tatu ni mwili wa mashine. Zile za zamani zenye meza nzito ya chuma cha kusubu hushikilia thamani yake kwa sababu uzito hutuliza mtikisiko, na ubao hutoka laini. Lakini chuma hicho kikipasuka ni kigumu kuungwa. Mnunuzi akague nyufa na alama za kuchomelea zilizofichwa kwa rangi mbichi. Aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya meza na atazame kama mwanga unapenya chini yake. Umeme ukiwa umezimwa, auzungushe mhimili wa visu kwa mkono na kusikiliza beringi, kisha aunyanyue kuona kama unacheza. Mwisho adai mashine iwashwe na irande ubao mbele ya macho yake. Muuzaji anayesema kwamba hapo alipo hakuna umeme amekwisha jibu swali.

Jambo la nne ni vidole vya watu. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 za matumizi ya vifaa vya kazi, pamoja na mwongozo wake wa mashine za mbao, zilisababisha mashine nyingi kufungwa breki ili kisu kisimame ndani ya sekunde 10 baada ya kuzimwa. Mashine isiyo na breki humdai mwenyewe huko gharama ya kuifunga, na kwa hiyo bei yake hupungua. Tukiinunua kwa furaha ya urahisi bila kuuliza sababu yake, huenda tumenunua hatari ambayo wenzetu wameikataa. Kwetu nako Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Mashine ambayo kinga ya kisu imepotea haijakamilika, na bei ya kinga hiyo sharti iingizwe katika hesabu. Kidole kilichokatwa hakina soko la mtumba.

Wazee wetu walikwisha kuyaona haya. SIDO ilipoanzishwa mwaka 1973, kusudi lilikuwa kueneza viwanda vidogo hadi wilayani, na mashine zikaenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mashine nyingi nchini, zikiwemo zilizokuwa mpya kabisa, zilisimama kwa kukosa vipuri. Upya wake haukuziokoa. Fundisho hilo hatuna ruhusa ya kulisahau.

Leo halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni jasho la wananchi. Tunazishauri halmashauri zisiidhinishe mkopo wa mashine, iwe mpya au kuukuu, kabla fundi asiye na maslahi katika biashara hiyo hajaikagua na kutia sahihi. Vikundi navyo viwe na daftari la mashine: siku iliponunuliwa, siku ilipotiwa grisi, beringi ilipobadilishwa, visu viliponolewa. Mashine yenye daftari huuzwa kwa bei nzuri kuliko pacha wake asiye na daftari, kwa kuwa mnunuzi hulipia pia utulivu wa moyo wake.

Na kwa wauzaji tuna neno moja. Anayejua kasoro ya bidhaa akaificha, fedha aliyoipokea si halali yake, hata kama risiti imepigwa mhuri. Biashara ya mashine kuukuu ni biashara njema, nayo inaweza kuwainua wasio na mtaji mkubwa. Itadumu tu ikiwa mnunuzi ataweza kurudi dukani mara ya pili.

Tumewaacha vijana wale wakiifunika tena mashine yao kwa turubai. Wamekusudia kununua nyingine, na safari hii, walituambia, watatangulia na fundi, rula na tochi ya kusomea kibati. Inasikitisha kwamba elimu hiyo imewagharimu mkopo mzima. Anayesoma maneno haya leo anaweza kuipata bila kulipa chochote.