Mkandarasi wa Nairobi na Kiwanja Alichokiacha Wazi

Mji wa Nairobi ulianza kwa mahema na mabati. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, palikuwa na kinamasi na maji baridi ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao. Miongoni mwa walioujenga mji huo mwanzoni alikuwamo Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee, mwenye kampuni ya A. M. Jeevanjee.

Bwana huyu alizaliwa Karachi mwaka 1856, akaja Mombasa kufanya biashara. Kazi ya reli ilipoanza mwaka 1896, kampuni yake ilipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Kisha ikapewa kazi ya kupasua miamba, kujaza udongo na kujenga stesheni. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Kwa reli nzima waliletwa Wahindi zaidi ya 31,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Tukiyasifu majengo ya kampuni, yatupasa kuwakumbuka na hao, ingawa ni wachache wanaoyajua majina yao.

Mji ulipokua, kampuni iliijengea Serikali ofisi na nyumba za maofisa. Mwaka 1904 ikajenga Soko la Jeevanjee, ambako wenyeji wa mji walinunua mahitaji yao, hata soko jipya la manispaa lilipojengwa mahali pengine katika miaka ya 1930.

Lakini kilichodumisha jina la mkandarasi huyu si jengo. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani ya ekari 5 hivi katikati ya mji, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1936. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga hapo jumba la ghorofa nyingi na maegesho ya magari chini ya ardhi. Mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, aliupinga, watu wengi wakamwunga mkono, na mpango ukaachwa.

Hata leo karani hupumzika humo saa ya chakula, wahubiri huhubiri, na wananchi hujadiliana mambo ya nchi bila kulipa kiingilio. Ajabu ni kwamba mtu aliyetajirika kwa kujenga anakumbukwa zaidi kwa kiwanja alichokiacha bila kukijenga. Miji yetu midogo inayokua upesi sasa ingefaa kulifikiri jambo hili kabla viwanja vyote havijagawanywa. Akiba haiozi.