Kuitwa Bata Nottingham

Mzee mwenye ndevu nyeupe anapanda basi mjini Nottingham, analipa nauli, na dereva anamwambia, "Ta, duck." Yaani, "Asante, bata." Hajatukanwa. Katika miji ya katikati ya Uingereza kama Nottingham, Derby na Stoke, abiria yeyote anaweza kuwa bata, awe mke au mume. Ukipanda kaskazini hadi Newcastle utaitwa "pet", mnyama wa kufuga. Glasgow, kule Uskoti, mwanamke ni "hen", kuku. Yorkshire utasikia pande la mwanamume likimwita mwanamume mwenzake "love", na Bristol muuza mkate anaweza kukuita "my lover" wala asiwe na habari ya posa.

Kwa Mmarekani, maneno hayo ni ya chumbani. Kweli, Baltimore wana "hon" yao, na wahudumu wa migahawa ya majimbo ya Kusini humwita mteja "honey" huku wakimmiminia kahawa. Lakini kwa jumla Mmarekani hagawi mapenzi kwa wapita njia. Anachogawa yeye ni heshima. Askari wa trafiki atamsimamisha kijana wa miaka 19 aliyekuwa akikimbiza gari, amwite "sir" tangu salamu hadi faini. Huko Kusini, mtoto anayejibu "ndiyo" kavu, bila "sir" au "ma'am" mwishoni, huonekana hakufunzwa kwao. Mwaka 1999 jimbo la Louisiana lilitunga hata sheria ya kuwataka wanafunzi wa shule za umma wawaite walimu wao hivyo.

Kwangu mimi, tofauti ya mataifa haya mawili iko hapo, si katika zile orodha za "biskuti huku huitwa hivi, kule vile" ambazo kila mwalimu wa Kiingereza anazo. Mwingereza huuza mapenzi rejareja na kufungia heshima stoo. Mmarekani kinyume chake.

London, "sir" ina wenyewe: mwalimu wa kiume, ofisa wa jeshi, mteja wa hoteli ya bei mbaya, na mtu aliyeguswa bega kwa upanga wa mfalme akawa Sir fulani. "Ma'am" nayo, ikitamkwa kwa mkato, aliitwa Malkia Elizabeth, na huitwa maofisa wa kike wa polisi na jeshi. Mwananchi wa kawaida akiitwa "sir" na mtu asiyemuuzia kitu, huanza kujiuliza amekosa nini. Marekani, katiba iliyoandikwa 1787 ilikataza serikali kutoa vyeo vya kikabaila. Nadhani ndiyo maana neno lile lilibaki halina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huokotwa na wote. Asili yake ni Kilatini, "senior", aliyezidi umri. Kwa hiyo yule askari, bila kujua, anamwita kijana wa miaka 19 "mzee", jambo ambalo kondakta wa daladala asingelishangaa hata kidogo.

Majina ya marafiki yana vituko zaidi. "Dude", ambalo leo kijana wa California humwita yeyote, lilivuma New York mwaka 1883 kama kejeli kwa mtanashati aliyejali nguo kuliko kazi. Lakini hakuna lililosafiri kama "guy". Guy Fawkes alikamatwa usiku wa kuamkia 5 Novemba 1605, chini ya jengo la Bunge, London, akilinda mapipa 36 ya baruti. Waingereza wakazoea kuchoma sanamu yake kila mwaka, na sanamu hiyo ya matambara ikaitwa "guy". Kisha neno likamhamia mtu aliyevaa hovyo. Lilipovuka Atlantiki lilivua matambara, likawa mwanamume yeyote, na hatimaye "you guys", ninyi nyote, hata kama kikao ni cha kina mama watupu. Kiingereza sanifu hakitofautishi "wewe" na "ninyi". Wamarekani wengi wakaliziba pengo hilo kwa jina la mhaini. Watu wa Kusini walikuwa na lao, "y'all", na ukiniuliza mimi ndilo bora.

Mwingereza hujibu kwa "mate", neno lililotoka katika Kijerumani cha zamani likiwa na maana ya mtu mnayekula naye pamoja. Humwita hivyo fundi bomba, kinyozi, hata mgeni aliyemkanyaga. Tahadhari ni sauti tu. "Cheers, mate" ni shukrani. "Listen, mate", ikisemwa polepole, si urafiki tena. Mmarekani hufanya vivyo hivyo kwa "buddy", na wote wawili kwa "pal", ambalo limetoka katika lugha ya Waromani na maana yake ya kwanza ni kaka. Ukiitwa kaka namna hiyo na usiyemjua, usiku, nje ya baa ya London au Chicago, usigeuke kuuliza ukoo.