Waliokataa Kuabudiwa

Familia nyingi za Tanzania zilizowahi kufika Chennai zilifika na mgonjwa. Rufaa imetoka, ndugu wamechanga, viza imepatikana, na jiji lenyewe likaonekana kupitia dirisha la teksi kati ya hospitali na nyumba ya wageni. Mtu akikaa huko wiki ya tatu akisubiri majibu ya vipimo, si ajabu mwenyeji akamshauri: nenda Tiruvannamalai ukauzunguke mlima. Ni kilomita 190 hivi kusini-magharibi, saa nne au tano kwa basi. Hakuna anayemwambia aache dawa. Aende, azunguke, kisha arudi kwa daktari wake.

Ushauri huo ni wa zamani kuliko hospitali zote za Chennai. Unahusishwa na watu wanaoitwa masidha, yaani walimu, washairi na waganga wa nchi ya Watamili, ambao jadi inawahesabu kuwa 18, ingawa kila orodha ina majina yake. Sisi Afrika Mashariki tumewazoea Wahindi wa Gujarat, Punjab na Goa, waliovuka kwa majahazi au waliokuja kujenga reli na kushika kazi za ofisi. Habari za Watamili zimetufikia kidogo sana.

Masidha hawa, kwa jinsi wanavyosimuliwa, hawakuwa watu wa makasri wala wa koo za makuhani. Pambatti alikuwa mkamata nyoka. Idaikkadar alichunga mifugo. Tirumular, ambaye huenda ndiye anayeheshimiwa kuliko wote, amebeba jina la mchunga ng'ombe. Hadithi inasema alikuwa mcha Mungu aliyetoka kaskazini, akakuta mchungaji aitwaye Mulan amekufa malishoni na ng'ombe wamemzunguka wakilia. Aliwahurumia wale ng'ombe, akauacha mwili wake mahali pa siri, akaingia katika maiti ya Mulan ili awarudishe kijijini. Aliporudi, mwili wake hakuuona tena. Akabaki ndani ya ule wa mchungaji, akakaa chini ya mti, na kwa miaka 3,000 akatunga ubeti mmoja kila mwaka. Kitabu kipo, kinaitwa Tirumantiram, na kina beti zaidi ya 3,000. Hesabu ya miaka namwachia msomaji.

Ninachokipenda katika hadithi hiyo ni kwamba mcha Mungu anauvaa mwili wa mtu wa kazi, wenye jasho na harufu ya zizi, na hauoni kuwa ni adhabu. Ndiyo hoja kuu ya masidha. Dini nyingi za India, na si za India peke yake, zimeuona mwili kama mzigo wa kutuliwa. Tirumular alifundisha kwamba Mungu amepanga humo humo mwilini, kwa hiyo anayeuachia mwili uharibike anaibomoa nyumba ya mwenyewe. Pumzi, chakula, usingizi, mizizi ya porini na sala vikawa kazi moja. Kwao hakukuwa na mganga upande huu na sheikh upande ule.

Jambo la pili halizungumzwi sana mahekaluni, na sababu yake iko wazi. Wengi wao walikuwa wakaidi. Sivavakkiyar aliwakejeli waliozunguka sanamu za mawe, na akawakejeli zaidi waliompima binadamu kwa tabaka alilozaliwa. Leo watu wa aina yake wana sanamu zao wenyewe, zimevishwa maua ya jasmini na kupakwa manjano, na foleni ya kuzizunguka ni ndefu.

Palani, mji wa mahujaji katika wilaya ya Dindigul, unaonyesha jinsi mambo yalivyogeuka. Juu ya kilima limejengwa hekalu la mungu Murugan, mwana wa Shiva, na jadi inasema sanamu yake ilitengenezwa na sidha Bogar kwa kuchanganya sumu tisa, akazipatanisha mpaka zikawa dawa. Kaburi la Bogar linaonyeshwa humo humo ndani. Usiku sanamu hupakwa msandali uliosagwa, na asubuhi ule msandali hugawiwa kwa mahujaji wanaouthamini kama tiba. Kilichomwagiwa sanamu hiyo huaminiwa kuwa kimebeba nguvu ya zile sumu tisa, kiwe maziwa au panchamirtham, mchanganyiko mzito wa ndizi, sukari guru, asali, samli, tende na iliki. Mchanganyiko huo ulipata hati ya kulinda jina na asili yake mwaka 2019, na sasa watu wanabeba makopo yake kwenda nayo nyumbani.

Tiruvannamalai ni habari nyingine, kwa sababu pale kinachozungukwa ni mlima wenyewe. Unaitwa Arunachala, na Watamili wanaamini kwamba ni Shiva mwenyewe katika umbo la jiwe. Njia ya kuuzunguka ina kilomita 14, na watu huitembea peku, mlima ukiwa mkono wa kulia. Usiku wa mwezi mpevu wanafika kwa malaki, barabara inafungwa kwa magari, moshi wa kafuri unatanda juu ya vichwa, na pembeni wachuuzi wanauza kahawa ya tangawizi kavu na wali wa ukwaju. Angalia jinsi wazoefu wanavyotembea. Wanashika upande wa kushoto wa barabara. Upande wa kulia, ulio karibu na mlima, wanauacha wazi kwa masidha, ambao inaaminika wanauzunguka mlima usiku ule ule bila kuonekana.

Njiani vimo vihekalu vinane vya pande nane za dunia, na karibu na kimojawapo kuna kijumba cha mawe kinachoitwa Idukku Pillaiyar. Ndani yake upo upenyo mwembamba kiasi kwamba mtu mzima akiutazama anajiambia hapiti. Anayetaka kupita analala kwa ubavu, anatanguliza mkono na kichwa, anajikunja, anajivuta. Wenye matumbo makubwa wanashangiliwa na foleni nzima iliyo nyuma yao. Inasemekana upenyo huo unaondoa maumivu ya mgongo na kichwa, na wanawake waliochelewa kupata mtoto hupita wakiomba. Mtu wa mazoezi ya viungo atasema kujikunja na kujinyoosha vile kunaweza kweli kulegeza mgongo uliokaza. Labda. Ila mtu aliyetoka upande wa pili anacheka peke yake kama mtoto, na kwa aliyekuja na huzuni hicho si kitu kidogo.

Kusini zaidi, katika milima ya Ghats Magharibi, ipo Sathuragiri, na huko dini imekutana uso kwa uso na msitu halisi. Mahujaji wanaamini masidha bado wanaishi mle, wakijigeuza kizee, mbwa au mti, kwa hiyo wanakuwa na adabu kwa kila wanachokutana nacho. Kwa miaka mingi idara ya misitu iliruhusu watu kupanda siku chache tu kila mwezi, zile za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wacha Mungu walilalamika. Lakini vijito vya mlima ule vinajaa kwa dakika chache mvua ikinyesha juu, na mwaka 2015 mafuriko ya ghafla yaliua mahujaji. Tangu 2021 msitu huo umo ndani ya hifadhi ya simbamarara ya Srivilliputhur na Megamalai.

Tiba waliyoiacha masidha haikubaki msituni. India inayo shahada ya udaktari wa Kisidha ya miaka mitano na nusu, mafunzo ya vitendo yakiwemo, na Taasisi ya Taifa ya Sidha iliyofunguliwa mwaka 2005 iko Tambaram, kitongoji cha Chennai. Mganga wa Kisidha ana mambo manane ya kukagua: mshipa wa mkononi, ngozi, ulimi, rangi ya mwili, sauti, macho, choo na mkojo. Katika mkojo ndiko kwenye ufundi unaoshangaza wageni. Mkojo wa asubuhi unawekwa kwenye bakuli pana, unaachwa utulie, kisha linadondoshwa tone moja la mafuta ya ufuta. Mganga anainama, anatazama. Tone likirefuka kama nyoka, kilichozidi mwilini ni upepo. Likitanuka kama pete, ni nyongo. Likibaki limekusanyika kama lulu, ni kohozi. Msomaji aliyekulia karibu na waganga wa pwani wanaopima mtu kwa joto na baridi ya mwili hatapotea katika mazungumzo hayo.

Dawa nyingi ni za majani na mizizi, na mwarobaini, ambao wenyewe ulitufikia kutoka huko, wanautumia karibu kila siku. Mwaka 2020 korona ilipoingia, serikali ya jimbo la Tamil Nadu iligawa maji ya kuchemsha ya mitishamba yaitwayo kabasura kudineer, kama ilivyowahi kugawa ya aina nyingine wakati wa homa ya dengue. Madaktari wengi wa hospitali walitaka ushahidi zaidi, na walikuwa na haki. Lakini zipo pia dawa za zebaki, salfa na madini mengine yanayochomwa tena na tena mpaka yawe unga. Waganga wanasema moto umeondoa sumu. Madaktari kwa upande wao wameandika habari za wagonjwa waliodhurika kwa risasi na zebaki kutoka kwenye dawa za jadi za India. Mimi nikiambiwa nichague, naenda na maji ya majani, unga wa zebaki nawaachia wenyewe.

Alikuwapo mmoja ambaye hakuhitaji unga wowote. Ramalinga Swamigal, anayejulikana zaidi kama Vallalar, alizaliwa mwaka 1823, na Watamili wengi wanamweka katika ukoo wa masidha ingawa hayumo miongoni mwa wale 18. Kwake ugonjwa wa kwanza wa binadamu ni njaa, na aliutaja hivyo hivyo, ugonjwa. Mwaka 1867 aliwasha jiko huko Vadalur kwa ajili ya kulisha yeyote atakayefika, wa tabaka lolote, bila kuulizwa. Inasimuliwa kwamba moto wa jiko lile haujawahi kuzimwa mpaka leo, na chakula bado kinagawiwa kila siku. Katika nyumba ya ibada aliyoijenga hapo hakuweka sanamu. Kuna taa nyuma ya mapazia saba yenye rangi mbalimbali, yanayofunguliwa moja baada ya jingine siku ya sikukuu ya Thai Pusam. Mwaka 1874 aliingia chumbani, akafunga mlango, na hakuonekana tena.

Sasa turudi Arunachala, kwa mtu aliyeufanya mlima ule ujulikane duniani. Mwaka 1896, mjini Madurai, kijana wa miaka 16 aitwaye Venkataraman alishikwa ghafla na hofu ya kufa, na hali alikuwa mzima. Hakumwita mtu. Alilala chini, akanyoosha viungo kama maiti, akabana pumzi, akajiuliza anayekufa ni nani hasa. Wiki chache baadaye akaacha kikaratasi nyumbani, akapanda treni, na tarehe 1 Septemba akafika Tiruvannamalai. Hakutoka tena. Katika miezi ya kwanza alikaa kwa muda katika chumba cha chini ya hekalu, kiza kitupu, akazama katika kutafakari mpaka wadudu wakamla mapaja na yeye hana habari. Watu walimtoa wakiwa wamembeba, na makovu akabaki nayo maisha yake yote.

Ndiye Ramana Maharshi. Walipomuuliza guru wake ni nani, alitaja mlima. Aliishi pangoni hadi 1916, kisha akapanda juu kidogo, na tangu 1922 akaishi chini kwenye ashramu ambayo bado inapokea wageni. Waliomjia na shida aliwarudishia swali moja: mimi ni nani? Wengi waliondoka bila jibu lakini wametulia.

Mwishoni mwa 1948 uvimbe mdogo ulitokea kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko. Ilikuwa saratani. Katika mwaka 1949 alipasuliwa mara nne, na katikati wakaja waganga wa mitishamba na wa homeopathi, kila mmoja akapewa nafasi. Kukatwa mkono alikataa. Waumini walimsihi ajiponye mwenyewe, maana waliamini nguvu hiyo anayo. Yeye aliendelea kukaa mahali watu wanapoweza kumwona, akiwasalimia kila siku, mkono umefungwa bandeji, na alishangaa wanavyong'ang'ania mwili wake. Alifariki usiku wa tarehe 14 Aprili 1950. Mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alikuwa pale siku hiyo, na aliandika kwamba aliona nyota yenye mkia ikipita angani polepole.

Kifo hicho kimewasumbua wanaotaka guru awe daktari wa miujiza. Mimi naona ndicho kipimo chepesi cha kumtambua mwalimu. Ramana alipasuliwa bila kuficha, hakuuza kinga ya saratani, na hakudai amepona. Mweke kando ya maguru wanaojaza viwanja. Mwaka 2017 mahakama ya India ilimtia hatiani Gurmeet Ram Rahim Singh kwa ubakaji, na mwaka 2018 ikawa zamu ya Asaram. Wote wawili ni wenye wafuasi kwa mamilioni, na waliodhuriwa ni wanawake na wasichana waliokuwa karibu nao kwa ajili ya dini. Anayekwambia usiulize swali, usirudi hospitali au uingie chumbani kwake peke yako, huyo mwache hapo hapo.

Kwa mwenye mgonjwa Chennai anayefikiria kwenda: usiku wa mwezi mpevu una msongamano mkubwa na vyumba hujaa mapema, kwa hiyo siku nyingine yoyote ni bora, na alfajiri kabla lami haijapata moto. Mwenye kisukari asitembee peku hata kama wote wanafanya hivyo. Kidonda cha mguu ni balaa. Bajaji zinauzunguka mlima na kusimama kwenye vihekalu vyote vinane, mkipatana bei kabla ya kupanda. Na ukinunua unga wowote wa Kisidha njiani, mwonyeshe daktari wako kabla ya kuutia mdomoni.